Nusu ya Titania

Ofisi ya upimaji ardhi aliyoifanyia Nzau kazi miaka ishirini na miwili mjini Thika ilifungwa mwenye ofisi alipofariki, kwa kuwa wanawe hawakutaka kusikia habari za minyororo ya kupimia na bikoni za mipaka. Nzau alipewa barua ya shukrani na meza yake ya kuchorea. Akaipeleka nyumbani Kiganjo, na mkewe akawa anakunjia nguo juu yake. Mwaka uliofuata, 1998, alipata kazi Ruiru, kazi iliyomshinda kuieleza. Alikuwa akichora ramani za miezi.

"Si miezi ya kalenda," alimwambia mkewe. "Miezi ya angani. Sisi tuna mmoja, sayari zingine ziko na mingi."

"Na nani ananunua shamba huko?" mkewe akauliza.

Aliyemwajiri aliitwa Kulthum, au Mama Sumeya, mama wa makamo mwenye duka la kompyuta karibu na stesheni ya reli. Alichapa barua na kadi za arusi. Kaka yake Samir, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alimtumia programu ya tufe na diski mbili zilizojaa picha zilizopigwa na vyombo vya angani. Ukiipa programu ile ramani bapa, iliivisha kwenye mpira, nao mpira ukazunguka kwenye skrini kila ulipouvuta kwa mausi. Kulthum akawaza walimu wa jiografia: diski moja, miezi ya sayari zote, na majina ya milima na mabonde yake.

Alichokosa ni mtu wa kuzigeuza picha kuwa ramani. Picha nyingi zilipigwa kwa upande, shimo la mviringo likatoka kama yai, na kila moja ilitaka kunyooshwa mpaka ikae sawasawa kwenye mistari ya latitudo na longitudo. Vijana waliojua kompyuta hawakujua ramani. Nzau hakujua kompyuta, lakini hiyo, Kulthum alisema, mtu hufundishwa.

Akafundishwa. Kufikia Juni alikuwa amemaliza miezi minne mikubwa ya Jupita, bila haraka na bila maneno mengi. Ndipo akafika kwa Titania, mwezi wa Uranusi.

Chombo kilikuwa kimepita huko mara moja tu, Januari 1986, wakati ncha ya kusini ya mwezi huo ilielekea jua na kaskazini yote imo gizani. Nzau alipanga kila picha aliyokuwa nayo, zikafunika chini ya nusu. Alipoivisha ramani, mpira ulizunguka ukaonyesha mashimo, ukaonyesha bonde refu, kisha ukakatika ghafla, mweupe kama sahani.

"Mzee, hii imeharibika?" Kulthum akauliza, akiinama nyuma yake.

"Haijaharibika. Hapo hakuna picha."

"Zitakuja lini?"

"Hakuna chombo kinaenda huko."

"Basi si uchukue haya mashimo ya huku, uyapindue, ujaze huko? Nani atajua? Mashimo ni mashimo."

"Mama Sumeya, mimi sichori mahali hapajaonekana."

Kulthum alivuta kiti akakaa, akimngoja aendelee. Nzau akamweleza, kwa sauti ileile ya kusomea vipimo. Mwaka 1983 walikuwa wakipima mashamba ya kugawa Mwihoko. Mvua ikawafukuza kabla hawajafika kona ya mwisho, na bosi alikuwa na haraka ya kuwasilisha ramani. Akamwambia afunge kona ile kwa barabara iliyonyooka. Nzau akaichora kwa rula. Kwenye karatasi palikuwa patupu. Kwenye udongo palikuwa na nyumba ya mjane mmoja, Selpha. Tingatinga ilipokuja ilifuata ramani. Nzau alifika siku hiyo akamkuta mama yule ameketi kwenye stuli kando ya sufuria zake. Mama akamwuliza kama amekuja kusaidia kubeba kitanda. Akakibeba. Hakumwambia yeye ni nani.

"Pole sana, Mzee," Kulthum akasema. "Lakini kule Titania hakuna nyumba ya mtu."

Nzau alichukua koti lake akaenda kula chakula cha mchana, na aliporudi Kulthum alikuwa ameshajaza ile nusu mwenyewe. Ilipendeza, kusema kweli.

Wiki hiyo waliipeleka kompyuta kwenye shule moja huko Kiganjo. Mwalimu wa jiografia, Bi Syokau, aliwaketisha wanafunzi wa kidato cha tatu mbele ya skrini na kuuzungusha mpira yeye mwenyewe. Aliizungusha miezi ya Jupita, akaja kwa Titania, akaweka kidole kaskazini.

"Hili shimo kubwa linaitwaje?"

Kulthum akamtazama Nzau. Nzau akaitazama orodha ya majina, ingawa alijua haina kitu.

"Halina jina, mwalimu," akasema. "Halipo. Tumelichora sisi."

Darasa likacheka. Bi Syokau hakucheka.

"Na hiyo ya Jupita?"

"Hiyo ni picha za kweli."

"Mimi nitajuaje?"

Hilo Nzau hakuwa amelifikiria. Kazi ya miezi mitano ya kalenda, kila shimo limenyooshwa kwa mkono, na sasa imesimama mstari mmoja na uongo wa saa moja. Bi Syokau aliwashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni, asiagize kitu.

Nje ya geti Kulthum aliweka skrini chini.

"Ungeniambia huku nje, Mzee. Si mbele ya watoto."

"Nilikuambia dukani."

Nzau hakujisikia shujaa. Alijisikia amechoka, na mikono inamuuma kwa uzito wa kompyuta.

Kesho yake alimkuta Kulthum ameshafungua duka. Kaskazini ya Titania ilikuwa nyeupe tena.

"Nimefuta," alisema bila kugeuka. "Lakini hii nyeupe watu watasema ni kasoro. Huko kwenu kwa mashamba mlikuwa mnafanya aje?"

"Tunachora mistari ya mshazari, nyembamba. Halafu tunaandika: haijapimwa."

"Basi chora."

Alichora, na hakuishia Titania. Alirudi kwenye miezi ya Jupita akatia mshazari popote picha zilipokuwa na ukungu, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Chini ya kila mwezi akaorodhesha picha alizotumia na tarehe zake. Siku ya nne Kulthum, peke yake, aliipeleka diski kwa Bi Syokau, na Bi Syokau akaichukua. Shule nyingine, upande wa mto Chania, iliikataa. Mwalimu mkuu alisema hawezi kuwapa watoto ramani iliyochorwa nusu. Kulthum alirudi na habari hizo zote mbili akazitoa kwa pamoja, kisha akavuta kiti mpaka kando ya Nzau.

"Unaofuata ni upi?"

"Oberoni, mwezi mwingine wa Uranusi."

Akachukua orodha, akaanza kumsomea vipimo.

"Kusini arubaini na sita, longitudo arubaini na nne."

"Soma tena pole pole," Nzau akasema, na akasogeza mausi.