Santuri ya Orval

Kufikia katikati ya Februari 1968, koyote jike, mbweha wa nyika za Marekani, mwenye sikio lililochanika, alikuwa amekwisha kula wanakondoo kumi na mmoja wa Nelda Kothmann, na nusu ya kondoo wake walikuwa bado hawajazaa. Mumewe alikufa mwaka uliotangulia. Kundi likiteketea, malisho yangerudi kwa ndugu za marehemu.

Mkubwa wa ndugu hao, Orval, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha waita-mbweha wilayani, wawindaji wanaomvuta mnyama kwa kuigiza kilio cha windo lake. Kila mwanagenzi alijifunza kwa santuri yake ya sungura anayelia, na sheria ilikuwa moja: msimu wa kwanza mzima ni wa kusikiliza tu. Kupuliza filimbi kwa mdomo, hapana. Asiyejua, alisema Orval, huwaharibu wanyama masikio. Nelda, mwanagenzi mpya, aliiazima santuri, akaisikiliza majira yote ya baridi huku akimenya viazi, mpaka akaujua hata mkwaruzo wake, pale sindano inaporuka na kutoa mlio mkavu.

Asubuhi nne mfululizo yeye na Orval waliketi chini ya mierezi, upepo ukiwapiga usoni, kipaza sauti cha betri kikiicheza santuri kichakani. Kila mara koyote alitokea mgongoni mwa kilima. Kila mara, sindano iliporuka, aliketi, akasikiliza kama muumini aliyechoshwa na mahubiri yaleyale, kisha akaenda zake. Nelda alimweleza Orval kwamba mnyama ameikariri santuri.

“Shemeji,” Orval akajibu, “santuri hii imeua koyote mia. Wewe umeua nini, zaidi ya kuku?”

Asubuhi ya tano betri ziliisha nguvu. Orval alirudi kwenye pikapu kuchukua nyingine. Nelda akatoa mfukoni filimbi ya mti aliyoichonga marehemu, akapuliza. Sauti ilitoka mbaya, ya sungura mwenye mafua. Akanyamaza. Akapuliza tena, kidogo. Koyote akashuka kilima mbio, bila kuketi popote, na Nelda akampiga risasi moja kutoka umbali wa hatua arobaini. Orval alifika akihema, betri mkononi, akaliangalia lile sikio lililochanika.

Maneno aliyatunza hadi Jumamosi, chama kilipokutana nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Alieleza kwamba mwanagenzi amevunja sheria, tena katika maficho ya mwalimu wake, mwalimu akiwa amempa kisogo. Wenzake wakapendekeza yaishe kwa upole: Nelda aombe radhi, basi. Asipoomba, hakuna mwanachama atakayekanyaga malisho yake kumsaidia, hata waje koyote kumi.

Tangu koyote yule auawe, kondoo wa Nelda walikuwa wamezaa wanakondoo ishirini na wanane, na wote walikuwa hai.

Nelda aliiweka santuri mezani, mbele ya Orval. Alikuwa ameipangusa vumbi na kuirudisha katika jalada lake.

“Kwa kunifundisha, shemeji, ahsante,” alisema. “Kwa filimbi, siombi radhi.”