Inua Mikono, Mama

Mwanangu Muchangi alipoacha ualimu akaomba kura, alinisimamisha jukwaani hapa Kiganjo niinue mikono, watu waone vile kuchuma kahawa ya mwenye shamba kumeifanya nyeusi. Akashinda. Sasa ameandika kitabu juu ya umaskini wetu, na jana kilizinduliwa kwenye hoteli moja mjini Nyeri. Nikaambiwa niinue mikono tena. Nikainua, mabega yakiniuma. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia.

Baadaye msichana mmoja, kitabu kikiwa kwapani, akanishika vidole kwa upole.

“Shosho, miaka hii yote na mikono bado haijatakata?”

“Itatakata aje,” nikamwambia, “na leo asubuhi nimetoka kuchuma?”