Sura ya Windows

Fundi kompyuta alikuwa na ugonjwa mmoja: akikipenda kitu, lazima na wewe ukipende. Safari hii aliipenda Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, ni nyepesi, na kompyuta kongwe inayojikokota hupata nguvu upya. Hata mteja aliyefuata chaja tu alihubiriwa mpaka akaaga kwa kurudi kinyumenyume.

Mama yake, karani mstaafu aliyekuwa akichapa kazi za watu sebuleni kwake, alikataa katakata. "Hii Windows nimeizoea. Niache nizeeke nayo."

Basi mama aliposafiri kwenda msibani, mwana akaingia kazini. Aliondoa Windows, akaweka Linux, kisha akaivalisha sura ileile ya zamani: kitufe cha kuanzia pale pale pembeni, rangi zilezile, hata picha ya maua aliyoipenda mama. Nia yake ilikuwa anyamaze mwezi mzima, halafu amwambie, "Unaona? Hata hukugundua." Alicheka peke yake kwa kujipongeza.

Kweli mama hakugundua. Ila alianza kuitafuta diski D, alikohifadhi kazi zake miaka yote, asiione. Kazi aliyoiacha na kurasa kumi na mbili akaikuta na kumi na nne, mistari imesukumana. Mwana alipita sebuleni akamwona amesita mbele ya kioo cha kompyuta, kidole hewani, naye akajitia hamnazo. Mwezi ulikuwa bado haujaisha.

Siku moja dada yake alimpigia simu karakanani.

"Mama ameniomba nimpeleke hospitali," alisema. "Anasema kichwa kimeanza kumpotea kama mama mkubwa. Kazi za watu amezirudisha zote."

Mama mkubwa alikufa hamjui hata mwanawe wa kumzaa. Fundi aliweka bisibisi mezani. Alijiona mshenzi, na hakukosea. Alifunga karakana mchana kweupe, wateja wakimwita.

Alimkuta mama sebuleni, mikono mapajani, kompyuta imezimwa.

"Mama, si kichwa chako. Ni mimi. Niliondoa ile Windows yako, nikaweka Linux."

Mama alimtazama kwa huruma. "Una roho nzuri, baba. Lakini usijisingizie kwa ajili yangu. Windows si naiona kwa macho yangu?"

Fundi aliiwasha kompyuta, akafungua mipangilio, akaanza kuivua kile alichoivalisha. Kitufe kikahama, rangi zikageuka, maua yakatoweka. Mama akabaki akitazama kioo asichokijua.

"Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe, Mama. Nisamehe."

"Na ulikuwa unaniona ninavyohangaika."

"Nilikuwa nakuona."

Mama alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya gauni lake.

"Mimi kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilikuwa nalitaja jina lako," alisema. "Nisije nikalisahau."