Mrija Uliovuka Mpaka

Ofisini kwa mpelelezi Ebong, pale Busia upande wa Uganda, ilinyesha mvua ndani. Nje jua linawaka, watu wanaanika mihogo. Ndani ngurumo, maana Ebong aliamini mpelelezi bila mvua ni karani tu. Naye alikuwa bata, haikumsumbua. Koti lake liliburuta chini na kofia ilimfunika macho, ndiyo sababu kila asubuhi aligonga mlango kwa mdomo kabla ya kuufungua. Msinibishie.

Siku hiyo akaja Apolot, kanga mjane mwenye madoadoa ya kumtoa mtu roho. Kivuli chake kiliingia kwanza, kikamvutia kiti. Akaeleza kwamba mchana huo wakwe wanatoka upande wa Kenya na ng'ombe wa mahari ya binti yake Aanyu. Chungu cha malwa, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, kiko tayari sebuleni, lakini pombe inashuka yenyewe. Wakwe wakikuta chungu kitupu, watageuka na ng'ombe wao.

"Mzee Ebong," akasema, "mtoto amekwisha kusuka manyoya."

Ebong akaenda kuchungulia chungu. Mrija mmoja ulitoka humo, ukapita dirishani, ukapanda juu ya malori yaliyopanga foleni, ukavuka mpaka. Madereva wa boda waliuinamia wakidhani ni waya wa umeme.

Mpelelezi mwingine angeufuata. Ebong alikuwa mvivu. Malwa huongezwa maji ya moto kadiri inavyonywewa, na wanywaji wakiona birika hungoja kwanza ipoe. Huyu wa mbali ataionea wapi?

"Lete birika, mama."

Akamimina. Donge la moto likasafiri ndani ya mrija, likavuka mpaka bila kitambulisho. Halafu moshi ukapanda upande wa Kenya, na kilio kikatoka hadi mwamba wa Tororo ukaitikia.

Alikuwa Ecodu, bata mzinga, baba mdogo wa bwana harusi. Amefika mapema, na wakwe hawaingii kabla ya kuitwa; kiu ikamshinda. Wenzake wakamleta, ulimi umefungwa bendeji. Kwa ishara za mabawa akadai chungu ni kitupu, warudi na ng'ombe.

"Kilichokuwamo kimo tumboni mwako," Apolot akasema. "Umekunywa kwangu, mkwe, umekwisha kukaribishwa. Ingiza ng'ombe."

Ecodu akafungua mdomo, ulimi ukamchoma, akaufunga. Ng'ombe walikuwa wamefungwa uani kabla hajaweza kutamka "lakini".