Wifi Yangu na Kitabu cha Wasafiri

Kitabu kile nilikiona mara ya kwanza mikononi mwa mgeni, Mjerumani mmoja aliyebabuliwa mabega na jua. Alishuka kivukoni hapa Moyogalpa, kidole kimeshikilia ukurasa, akanijia moja kwa moja.

"Kwa Azucena ni wapi?"

Nilimwomba anisomee kwanza. Kisiwa chetu cha Ometepe, katikati ya ziwa, kilipewa kurasa tatu: vivuko vya kutoka San Jorge ng'ambo, onyo kwamba upepo wa Januari unaweza kuvisimamisha kutwa nzima, ushauri wa kubeba pesa taslimu na kuanza kupanda volkano alfajiri pamoja na mwongozaji. Kisha malazi. Wifi yangu Azucena alikuwa na aya nzima, eti mwenyeji mchangamfu, eti gallo pinto yake, wali wa maharage, haina mfano kisiwani. Mimi, niliyefungua nyumba ya wageni miaka sita kabla yake, niliambulia mstari mmoja: "Kukiwa kumejaa, jirani naye ana vyumba."

Jirani! Hata jina sikupewa.

Azucena ameolewa na kaka yangu Leónidas. Mimi ndiye niliyemfundisha kutandika kitanda cha mgeni na kufunga chandarua. Na wali ule na maharage yake ni mapishi ya mama yangu mzazi.

Jioni alikuja mbio, kitabu kifuani. "Wifi! Wifi, tumeandikwa kitabuni!"

"Umeandikwa wewe. Mimi ni jirani."

"Jamani, si sisi kwa sisi?"

"Kwenye kufua mashuka ndiyo sisi kwa sisi. Humo ndani uko peke yako."

Alicheka, akadhani namtania.

Mwaka ule wote wageni walipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo. Nilipaka ukuta rangi ya njano, nikanunua bembea mbili za kamba, wapi! Walisimama kidogo, wakafungua kitabu, wakaendelea mbele.

Mwaka uliofuata mzee mmoja mgeni mwenye daftari alinikuta gatini nikivizia wageni. Alikuwa akikagua habari za toleo jipya. Nilimjibu kila kitu kwa ukweli: kivuko cha kwanza na cha mwisho, mabasi ya Altagracia yanavyokuwa machache Jumapili, viatu gani vinafaa mlimani. Upepo ulikuwa unapanda, na nahodha alishawaita abiria warudi chomboni. Mzee akauliza akiwa na kalamu mkononi, "Na kwa Azucena?"

"Amefunga," nikasema. "Wamehamia Kosta Rika."

Filemón, mkata tiketi, aliinua kichwa akanitazama. Mzee akapiga mstari kwenye daftari, akaandika nilivyomtajia nyumba yangu, akakimbilia kivuko.

Toleo jipya lilipotoka, aya ilikuwa yangu. Jina langu lilikuwamo: Ermida, nyumba ya njano, bembea za kupumzikia. Wageni wakajaa hadi nikawakataa wengine. Kwa Azucena palikauka.

"Sijui nilimkosea nani," aliniambia.

"Ndiyo biashara, wifi," nikamjibu.

Mvua zilipoanza, Leónidas aliaga akaenda Kosta Rika kukata mananasi. Uongo wangu ukawa nusu kweli. Siku chache baadaye Azucena alisimama jikoni kwangu, akaomba nimpe kazi ya kupika. Nilikubali, na moyo wangu ulijaa raha, sitaficha.

Raha hiyo haikumaliza mwezi. Wageni walikuwa wangu lakini walimfuata yeye. Wakimwona tu wanavuta viti jikoni, wanataka kufundishwa kukaanga ndizi, wanamsimulia habari za mama zao. Mimi walikuwa wananiuliza taulo ziko wapi.

Asubuhi moja mume na mke waliokuwa wanaondoka walinipa kamera. "Tupige picha na mwenye nyumba," wakasema, wakamkumbatia Azucena.

"Mwenye nyumba ni mimi!" nilipiga kelele.

Wakatazamana. Yule mke akaomba radhi, wakabeba mizigo wakaenda zao bila picha. Azucena akarudi kwenye kikaango. Nikamfuata.

"Unajua kwa nini walikufuta kitabuni? Mimi ndiye niliyesema umefunga."

Nilitaka kuona uso wake ukianguka. Yeye akageuza ndizi, moja baada ya nyingine.

"Najua. Filemón aliniambia tangu mwaka jana."

"Na bado unanipikia?"

"Nina watoto wawili. Ulitaka nikapike wapi, ziwani?" Akazima moto. "Leónidas hajui. Akijua, hatakanyaga tena mahali ulipo, na mama yenu mzee yule atakufa kwa kihoro. Ndiyo maana nimenyamaza. Usije ukadhani ni wema. Kila siku nikikuona natamani nikumwagie haya mafuta."

Alivua aproni, akaiweka juu ya meza, akaondoka.

Nilikaa pale mpaka mgeni alipokuja kuulizia kifungua kinywa. Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu anayejua Kiingereza, akaniandikia barua kwa wenye kitabu. Nilieleza nilichofanya, jina langu likiwa chini. Walijibu baada ya miezi miwili: watarekebisha, lakini toleo lijalo ni baada ya miaka miwili.

Basi nikaanza kwenda gatini kwa ajili yake. Anayeshuka na kitabu namwambia ukurasa umekosea, nyumba nzuri iko mbele ya yangu. Wengine wananitazama kama kichaa. Wivu haujaniisha, lakini maneno yale nayasema.

Leónidas alirudi Desemba. Hajaambiwa kitu mpaka leo. Jumanne iliyopita niliwapeleka Wafaransa wanne hadi kwa Azucena. Akawapokea mabegi, akawaonyesha pa kunawa.

"Asante, Ermida," akasema. Siku hizi haniiti wifi. Kisha akaingia ndani na wageni wake, nami nikarudi gatini, maana kivuko cha saa nane kilikuwa kinaonekana.