Unga wa Kioo na Kahawa ya Shangazi

Jino la mbele la Kokushubila liliumia mwaka wa vita. Alikuwa na miaka minane. Mabomu yalipoanza kuangukia Bukoba, mama yake alimshika mkono wakatimua mbio kuelekea migombani, na huko mbioni mtoto akajikwaa akabusu jiwe. Jino likatikisika, likatulia, likasahaulika. Vita vikaisha. Ukaja ugonjwa ambao watu waliuita Juliana, jina la shati zuri la dukani, kana kwamba ukipambwa utaona haya uondoke. Haukuondoka. Jino nalo likakaa kimya hadi mwaka 1995, wakati posa imeshaletwa na gauni limeshakatwa, ndipo likaanza tena kucheza.

"Ling'oe tu, daktari," Kokushubila alisema. "Nitacheka huku nimeziba mdomo kama mwenye adabu."

Daktari Mushumbusi, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, aliinua picha ya eksirei dirishani. "Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Nipo Miembeni."

"Na uzi unaukata kwa kutumia nini?"

Kokushubila akaziba mdomo kwa kiganja. Mkasi anao. Ila mkasi siku zote uko chini ya kitambaa, na meno yako karibu.

"Nilijua," daktari alisema. "Sasa sikiliza. Jino lenyewe ni zima. Mfupa unaolishika ndio umelika. Unaona kivuli hiki? Ni kama mgomba ulioondolewa udongo shinani. Utaukata mgomba kwa kosa la udongo?"

"Kwa hiyo utanijazia udongo?"

"Nitakujazia kioo."

Kokushubila alishuka kwenye kiti. Daktari akamrudisha, akamwonyesha kichupa kidogo chenye unga mweupe.

"Si kioo cha chupa ya bia. Huu ni mchanga, chokaa, magadi na fosforasi, vimeyeyushwa pamoja, vikapoa, vikasagwa. Ukikutana na majimaji ya mwili, juu yake panajiunda tabaka linalofanana na mfupa. Mfupa wako unaudhania ndugu, unausogelea, unaushika. Kisha unga unayeyuka polepole, na mfupa unahamia mahali pake."

"Haujatoka kwenye mifupa ya maiti? Maana siku hizi..." Hakumalizia. Mwaka ule hakuna aliyehitaji kumaliziwa sentensi hiyo.

"Wala kwa maiti wala kwa ng'ombe. Umetoka kwenye tanuri. Umewahi kusikia tanuri lina ugonjwa?"

Akampiga ganzi, akafunua ufizi, akasafisha, akapakia ule unga, akashona. Halafu akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka mzaha: "Mpaka nitakapokuruhusu, usitafune kitu kigumu. Punje zikichezeshwa kabla mfupa haujazishika, zitatoka, na jino litazifuata. Sina unga wa kurudia. Hiki kilikuwa kichupa cha mwisho."

Kokushubila akaenda zake akinywa uji na kukata uzi kwa mkasi, na mambo yangekuwa mepesi kama Rugaibula asingekuja dukani Jumamosi uso umemshuka.

Rugaibula, mchumba wake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Ngenge. Baba yake alikufa Rugaibula angali mtoto, akalelewa na shangazi yake, Ma Paskazia wa Kagoma.

"Shangazi anakuja kesho kukuona," alisema. "Anakuja na kahawa."

"Si ndiyo desturi? Karibu sana."

"Hujaelewa. Kwake kahawa ni kipimo. Anaipasua kwa meno, anakupa nusu, unatafuna huku anakutazama. Anasema mwenye vidonda vya ule ugonjwa mdomoni haiwezi, itamchoma. Kaka zangu wawili amewakatalia wachumba hivyo hivyo."

Kokushubila aliijua kahawa hiyo: huvunwa mbichi, huchemshwa na majani makali, hukaushwa juani hadi iwe ngumu kama kokoto.

"Basi mwambie nina jino bovu."

"Nimwambie mchumba wangu ana kioo mdomoni? Atauliza kama ni cha dirisha."

"Rugaibula!"

"Tafuna kidogo tu, mama. Kidogo."

"Daktari hakuniruhusu hata hiyo kidogo."

Jumapili baada ya misa, Ma Paskazia na Rugaibula wakafika nyumbani kwa kina Kokushubila. Shangazi alikuwa mwembamba, mrefu, na macho yake yalianza kazi tangu mlangoni. Kokushubila akapiga magoti, akasalimia. Mama yake, Felicitas, akaleta viti, akaleta maji, akaleta habari za wagonjwa wote wa mtaa. Mgeni akajibu yote kwa heshima. Kisha akafungua kikapu chake kidogo cha ukindu.

Kach! Kahawa ikapasuka katikati ya meno yake. Nusu akaitafuna. Nusu akamnyooshea Kokushubila.

"Pokea, mwanangu. Tuwe kinywa kimoja."

Kokushubila akapokea kwa mikono miwili. Akaishika. Akiitafuna, unga unatoka na jino linakwenda. Asipoitafuna, posa inakwenda, na kufika kesho jioni Miembeni nzima itakuwa imeshampimia sanda. Rugaibula alikuwa akizitazama kamba za viatu vyake.

"Shangazi waitu," Kokushubila alisema kwa heshima, "subiri kidogo."

Akaingia jikoni, akarudi na kinu kidogo ambamo bibi yake marehemu alikuwa akitwangiwa kahawa alipoishiwa meno. Akaitwanga ile nusu mbele ya wote, akaumimina unga juu ya ulimi, akaumung'unya. Ulikuwa mchungu, mkali, ukamtoa machozi. Akaumeza. Kisha akamsogelea Ma Paskazia, akafungua mdomo wazi kabisa.

"Tazama. Ulimi, mashavu, koo. Kidonda kiko wapi?"

Ma Paskazia akavaa miwani, akainama. "Na hizi nyuzi kwenye ufizi? Fundi, umejishona mwenyewe?"

"Kanishona daktari." Akamweleza yote, mfupa ulioliwa, unga wa kioo, na kwa nini asingeweza kutafuna.

"Kioo," Ma Paskazia alisema polepole. "Kinageuka mfupa?"

"Kinaushawishi mfupa urudi."

Bibi yule akakaribia kucheka. Lakini Kokushubila alikuwa hajamaliza, na aliyewahi kushonewa nguo kwake anajua kwamba akianza upindo anaufikisha mwisho.

"Kinywa changu umekiona, shangazi. Cha Rugaibula nani amekipima?"

"Kokushubila!" Felicitas alishika kichwa. "Mbele ya wageni!"

"Mwanamume hapimwi kwa kahawa," Ma Paskazia alisema.

"Ndiyo maana nataka apimwe kwa sindano. Mimi pia. Bila majibu ya wote wawili, harusi hakuna."

Ma Paskazia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, baba mdogo wa huyu," alisema. "Mkewe nilimpa kahawa hii kwa mkono huu. Aliitafuna, akaimaliza, akaomba nyingine. Msichana mzima kama mkungu wa ndizi. Nimewazika wote wawili, mume akitangulia." Akakitazama kikapu. "Mdogo wangu sikumpa hata punje moja."

Rugaibula alikuwa ameacha kuzitazama kamba.

"Na nikikutwa nao?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, na hakumwuliza shangazi.

"Tutalia, kisha tutapanga," Kokushubila alisema. "Ila tupange tukijua. Sitaki kukushonea suti gizani."

Rugaibula akavuta pumzi. "Kesho naomba ruhusa shuleni."

"Huombi," Ma Paskazia alisema. "Tutalala hapa. Asubuhi nitakupeleka mwenyewe, kwa mguu wangu, na ukichelewa kuamka nitakumwagia maji. Felicitas, mae mwenzangu, kuna godoro?"

Majibu yalikuja, wote wawili hawakuwa nao, na Rugaibula alilia kama mtoto mbele ya mhudumu wa maabara. Hata hivyo harusi ilingoja, kwa sababu bibi harusi aliapa kwamba hatakanyaga kanisani kabla ya ruhusa ya daktari. Hatimaye Daktari Mushumbusi alilishika jino kwa vidole, akalisukuma mbele, akalisukuma nyuma. Halikuitika. Akaipandisha picha mpya dirishani, na pale palipokuwa na kivuli pamekuwa peupe.

Ma Paskazia, aliyelazimisha kuingia chumbani pamoja na Kokushubila, aliikodolea macho kwa muda.

"Daktari," alisema, "magoti nayo unayajaza?"