Chai ya Mzee Hhando

Chai nilimpa mimi. Nasema mapema, maana wenzangu pale hospitali walizoea kumlaumu dada yake, au yule rafiki yake Mbarbaigi, na mimi nilikuwa nacheka nao tu. Kikombe kilikuwa changu, cha bati, na maziwa niliyaongeza kwa mkono wangu huu huu.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Mimi nilikuwa mpimaji wa maabara huko Mbulu, mtu wa Bukoba niliyeletwa na serikali, stashahada yangu bado inanuka wino. Mzee Hhando alikuja kwa miguu kutoka Tumati, macho ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, ubavu wa kulia unamuuma tangu mwaka juzi. Daktari bingwa aliyetutembelea mara moja kwa mwezi alitaka kujua ini limeharibika kiasi gani, na yeye alizoea njia moja: sindano ndefu ipite kati ya mbavu, ichomoe kipande cha ini. Basili, kaka yake Hhando, alidungwa hivyo hivyo hospitali ya mbali. Akavuja damu ndani kwa ndani, akarudishwa amefunikwa.

"Mwanangu," Hhando aliniambia siku ya kwanza, "mkono nakupa. Mbavu sikupi."

Mkono ulinitosha. Nilikuwa na dawa ya chupa inaitwa thaimoli. Ukiichanganya na maji ya damu, yale yanayojitenga damu ikishaganda, ini likiwa zima maji yanabaki maangavu; ini likiwa limeumia, yanaingia ukungu. Daktari akakubali: ukungu ukiwa mwepesi, atampa vidonge aende nyumbani. Ukiwa mzito, sindano. Sharti ni moja tu, mgonjwa asitie kitu mdomoni tangu jioni, kwa sababu mafuta ya maziwa nayo huleta ukungu.

Sharti moja! Afadhali ningemwambia aje bila kichwa.

Mara ya kwanza maji ya damu yake yalikuwa meupe kama uji wa mtoto, kabla hata sijagusa thaimoli.

"Mzee, umekunywa nini?"

"Nilipita kwa Kornelia."

"Si nilikwambia usinywe?"

"Kornelia ni dada yangu. Nikipita mlangoni kwake na koo kavu, ataita wazee waje waniulize tumegombania nini."

Mwezi uliofuata akamkwepa Kornelia, akazunguka nyuma ya mlima. Huko nyuma ya mlima alikuwepo nani? Gidabuday, rafiki yake Mbarbaigi, na ng'ombe zake, na kibuyu chake.

"Alinicheka," Hhando akasema. "Akaniambia Mmbulu anayekataa maziwa ameshakufa, anatafuta tu pa kulala. Ningefanyaje?"

"Ungekufa!" nilimfokea. Akacheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikatamani kuvunja kitu. Thaimoli ilikuwa imebaki chini kabisa ya chupa. Kila nikiuliza nyingine, naambiwa iko njiani. Sijui ilikuwa inakuja kwa miguu, inapitia kwa Kornelia.

Mwezi wa tatu nikamlaza nyumbani kwangu, nikamchunga kama mwali. Asubuhi nikachukua damu yake maabara, tumbo tupu, safi kabisa. Ikaganda vizuri kwenye tyubu. Mzee amekaa kwenye benchi langu anatetemeka kwa njaa, midomo mikavu, wala halalamiki. Nikaona kazi imekwisha. Damu ninayo, kilichobaki ni kuizungusha tu ili maji yapande juu. Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna. Ningempa hiyo, leo ningekuwa nasimulia mengine. Lakini nilishaishi Mbulu vya kutosha. Nikamimina maziwa mpaka chai ikapauka.

"Kunywa, mzee. Leo Kornelia ni mimi."

Alikunywa amefumba macho. Nikamwongeza. Kisha nikageukia mashine, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikakamata mpini kwa furaha ya mtu aliyeshinda, nikazungusha. Tyubu ikapasuka.

Hadi nisafishe mashine na nipate tyubu nyingine, jua lilikuwa juu na dereva wa daktari ameshawasha gari. Nikamtoa damu tena. Nikamalizia thaimoli.

Daktari aliinua tyubu dirishani. "Mzito huu."

"Ametoka kunywa chai, daktari. Ya maziwa."

"Nani kampa?"

Mimi ni mtu wa maneno, kila mtu anajua. Siku ile nilipata haya tu: "Watu wa huku wanapenda maziwa."

"Basi tusipoteze mwezi mwingine. Mwandalieni sindano."

Hhando alisikia. Akaweka kikombe changu chini taratibu, kisimwagike, akachukua fimbo yake.

"Mkono nilikupa, mwanangu," akasema, akatoka.

Thaimoli ilifika mvua zilipokwisha. Siku hiyo hiyo nikapanda baiskeli. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeezuliwa. Nikaelekezwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa kando ya barabara kama wanafunzi mstarini. Alikuwa amekaa nje juani. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono imekonda, macho ya manjano zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mkewe, Letisia, akatoka na kibuyu cha maziwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikanywa yote. Ningekataaje?

Kisha nikafungua mkoba, nikamwonyesha chupa, imejaa mpaka shingoni. "Mzee, dawa imekuja. Nitakufuata hapa hapa alfajiri, hutapita kwa mtu. Nipe mkono tena."

Mkono wake ulikuwa gotini, karibu kabisa na wangu. Aliangalia barabara. Letisia akachukua kibuyu kitupu, akaingia ndani kukijaza.

"Mkono tu, mzee," nikasema.